Masaa machache si sifa, hasa ndege ikiwa imelala Mombasa

Juzi tena nimetumiwa picha za ndege ndogo, Cessna 172, inauzwa, na chini yake maneno ni yaleyale, "masaa machache, haijatumika sana, imelala tu hangani." Aliyenitumia kashafurahi, anataka mimi fundi wa ndege niseme ndiyo tu atoe pesa. Jamani. Hii habari kwamba ndege isiporuka ndio inajitunza nimechoka kuisikia, tena kutoka kwa marubani wenye leseni zao, watu wa hapahapa pwani ambao wakijenga Bamburi wanajua fika bati jembamba halitafika mbali kwa ile chumvi. Bati unalihurumia, injini ya mamilioni unaiacha miezi sita ukidhani inapumzika.

Ya kitabu nayapitisha haraka. Injini za Lycoming, O-320 na O-360, ambazo ndizo ziko kwenye 172 nyingi, kwa kawaida zinapewa masaa 2,000 ya kuruka kabla ya overhoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya) au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Watu wanasoma 2,000, ile 12 macho yanairuka. Mtu ananiambia injini ina masaa 400 tu, nikifungua logbuku, daftari la kumbukumbu za ndege, nakuta overhoo ya mwisho ilifanyika miaka kumi na nane iliyopita. Hiyo si injini changa, ni injini iliyoachwa.

Sasa kwa nini inaumia? Kwenye hizi Lycoming kamshafti (mhimili wenye manundu yanayofungua valvu, tunauita kamu) iko juu ya krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ukizima, oili yote inateremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, kamu inabaki juu na utando mwembamba tu, na utando nao unaisha siku baada ya siku. Usiku hewa inapoa, ule unyevu wa baharini unaingilia kwenye ekzosi na kwenye bomba la kupumulia, unatua kwenye chuma. Lycoming wenyewe wameandika kwamba sehemu zenye unyevu mwingi, injini mpya inaweza kuonyesha kutu kwenye kuta za silinda ndani ya siku 2 tu. Siku mbili! Na hapa Port Reitz au kule Ukunda, kaskazi ivume au kusi ivume, unyevu uko palepale.

Kutu yenyewe inaanza kama vidoa, huwezi hata kuviita uharibifu. Shida ni siku utakayowasha. Uso wa tapeti, kile kipande kinachosukumwa na kamu, unatakiwa kuwa laini kama kioo, unasugua kamu kwa nguvu kubwa sana, na sekunde za kwanza unasugua karibu mkavu kwa sababu kamu inapata oili ya kurushiwa tu, hakuna pampu inayoipelekea moja kwa moja. Kile kidoa kinakuwa kishimo, kishimo kinang'oka kipande, kipande kinakwaruza kamu, na baada ya masaa mia hivi valvu haifunguki inavyopaswa na ndege inapanda kivivu, wewe unalaumu joto la Mombasa.

Hapo ndipo mwenye ndege ananijibu: "Lakini fundi, mimi naiwasha kila Jumapili dakika kumi."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mtu anajitahidi kabisa, anatoka kwake anakuja mpaka hangani, na anachofanya ni kuiongezea maji. Petroli ikiungua inazaa maji, lita moja inatoa karibu lita moja ya maji. Mengi yanatoka kwa ekzosi lakini mengine yanapenya kwenye pete za pistoni yanaingia kwenye oili, yakichanganyika na masizi ya moto yanakuwa asidi. Ili yatoke lazima oili yenyewe ipate moto, kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, na ikae hapo kama saa nzima, ukiwa angani. Chini dakika kumi silinda zinapata moto, oili bado vuguvugu. Na usiseme basi nitaiunguza saa nzima nikiwa nimeegesha, maana zile silinda zinapozwa na upepo wa kuruka, chini upepo huo haupo na utaziua kwa joto. Kwa hiyo ama uruke saa moja angalau mara moja kwa mwezi, hapa pwani mimi nasema kila wiki mbili, ama usiiguse kabisa. Kuzungusha propela kwa mkono nako uache, inapangusa kile kioili kilichobaki, na magneto (kifaa kinachozipa plagi cheche) ikiwa waya wake wa kuzimia umekatika injini inaweza kushika ukiwa umesimama mbele yake.

Kuhusu bodi ya ndege sitakawia. Cessna nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitoka kiwandani bila praima ndani, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Inua zulia, angalia chini ya betri, bawaba za eleroni (vile vipande vya nyuma ya bawa vya kuinamisha ndege), skrubu za chuma zinapoingia kwenye aluminiamu. Ukiona unga mweupe, au rangi imevimba mistarimistari kama njia za minyoo, ujue chumvi ishaingia.

Sasa kuna jambo hatupendi kuwaambia wateja. Bila kuvua silinda, hakuna anayeweza kukuhakikishia kamu ni nzima. Kamera ya kwenye tundu la plagi inaonyesha ukuta wa silinda, kamu haiioni. Kompresheni (kipimo cha silinda kushika presha) inaweza kutoka 78 kwa 80, nzuri kabisa, na kamu inakufa. Filta ya oili naikata, naisafisha karatasi kwa petroli, napitisha sumaku, nikipata vipande vinavyonata basi tayari tumechelewa. Na zaidi ya hapo, kuna injini zimelala miaka tukazifungua zikawa safi, na nyingine miezi tu, hanga hilohilo na oili ileile, kamu imeliwa. Nimejaribu kutafuta sababu, nimeshindwa.

Kwa hiyo ukinunua, acha kuniuliza jumla ya masaa. Niletee logbuku tuone miaka mitatu ya mwisho imeruka mwezi kwa mwezi. Ikiwa ililala, muuzaji akubali tuvue silinda moja kabla hujalipa. Akikataa, mwachie ndege yake.

Na kama wewe ndio mwenye ndege na unasafiri miezi, niite tuilaze kiutaratibu: oili ya kuhifadhia, ekzosi na bomba la kupumulia tuzibe, plagi za juu tutoe tuweke zile zenye silika ndani, chembe za kunyonya unyevu. Silika ya bluu ikigeuka pinki imeshiba unyevu. Mombasa inageuka upesi, kwa hiyo mwachie mtu ufunguo wa hanga, awe anapita kuziangalia na kuzibadilisha.