Reli ya South Devon: miinuko iliyoachwa na bomba la hewa

Kutoka Newton Abbot kwenda Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, treni hupanda vilima vya Dainton na Rattery kwa taabu. Kati ya yote niliyosoma kuhusu Kampuni ya Reli ya South Devon, hakuna linalonigusa kama miinuko hii, maana ilipimwa kwa ajili ya treni ambazo hazikuwahi kufika pale.

Bunge liliidhinisha kampuni hiyo mwaka 1844. Mhandisi wake, Isambard Kingdom Brunel, alikuwa ameuona mfumo wa hewa, unaosukuma treni kwa nguvu ya hewa badala ya kuivuta kwa injini, ukifanya kazi Dalkey, Ireland. Robert Stephenson, mhandisi mwingine wa reli, naye aliuchunguza, akaukataa. Brunel aliupenda, na wakurugenzi wakamfuata.

Katikati ya reli lililazwa bomba la chuma la inchi 15. Kila maili 3 hivi, mashine ya mvuke iliyojengewa nyumba kando ya njia ilifyonza hewa bombani. Chini ya behewa la mbele palining'inia pistoni iliyoingia ndani ya bomba. Hewa ya nje ilipoisukuma kuelekea kwenye utupu, treni nzima ilikwenda nayo. Mkono wa pistoni ulipita kwenye ufa wa juu, uliozibwa kwa ukanda wa ngozi uliopakwa mafuta.

Septemba 1847 abiria walianza kusafiri hivyo kati ya Exeter na Teignmouth, bila moshi wala cheche, nyakati nyingine kwa kasi inayozidi maili 60 kwa saa. Lakini ngozi ilioza na kupasuka, kutu ikaila, hewa ikavuja. Mashine zikateketeza makaa mengi kufidia. Hadithi ya panya waliokula mafuta yale hupendwa sana; mimi siipi uzito, maji na kutu vinatosha. Septemba 1848 mfumo ulisimamishwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni 400,000 za wanahisa.

Magharibi ya Newton Abbot, Brunel hakuwa ameviogopa vilima: nguvu ingetoka bombani, treni isibebe uzito wa injini. Kwa hiyo kuna mahali njia hupanda futi moja kwa kila futi 40 au pungufu. Kampuni ilimezwa na kampuni ya reli ya Great Western mwaka 1876, upana wa njia ukabadilishwa 1892, na hadi mwisho wa enzi ya mvuke treni nzito zilifungwa injini ya pili ili kuvuka Dainton.