Mashine haimwimbii mtu: dhana potofu kuhusu Anar ya Mdou Moctar na muziki wa jangwani

"Kaka, huyu si anaimbiwa na mashine?" Swali hili nimeulizwa na vijana wa Bongo Fleva, na walimu wa kwaya, hata na wazazi waliowasindikiza watoto wao kurekodi. Nina studio ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wakisubiri zamu huwa nawawekea Anar, albamu ambayo Mdou Moctar, mpiga gitaa Mtuareg kutoka Niger, aliirekodi mjini Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2008. Ina dramu za mashine, kinanda, gitaa, na sauti iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kusahihisha sauti ya mwimbaji, mpaka inang'aa kama bati jipya. Ni albamu ya ajabu na ninaipenda. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, hukumu zimeshaanza kutolewa, na karibu zote ni zilezile. Nimechoka kuzijibu mmoja mmoja, kwa hiyo nazijibu hapa.

Dhana: Auto-Tune inamwimbia asiyejua kuimba

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu haiishii kwenye albamu ya mtu wa Niger. Mteja anayeiamini anakuja kurekodi bila mazoezi, anaimba anavyojisikia, akivua hedifoni anasema, "Wewe utaniweka sawa." Halafu wimbo ukitoka vibaya, lawama ni za prodyuza.

Programu ile inafanya kazi moja. Inaisikiliza sauti yako, inapima iko juu au chini kiasi gani, kisha inaisukuma mpaka kwenye noti iliyo karibu zaidi kati ya zile ilizoruhusiwa kutumia. Iliyo karibu zaidi, siyo uliyoikusudia. Umelenga so, sauti ikadondoka ikawa karibu zaidi na fa, inakupeleka fa, tena fa iliyonyooka kabisa. Kosa lako sasa limenyoshwa na kila mtu atalisikia vizuri. Ndiyo maana nyimbo nyingi za huku mtaani zinazotegemea mashine huwa na neno moja au mawili yanayoruka mahali pasipo pake: mwimbaji alikuwa mbali na noti, mashine ikamsaidia kufika kusikofaa.

Na kuna mambo ambayo haiyagusi kabisa. Ukiwahi biti au ukachelewa, inakuacha hapohapo. Pumzi ikikuishia katikati ya mstari, haikuongezei. Ukiyameza maneno, yatabaki yamemezwa. Uchovu, woga, kutojua unachokiimba kinahusu nini, vyote vinapita kwenye programu na kutokea upande wa pili vikiwa vizima.

Siku moja dada mmoja anayeimba injili alikuwa na mstari unaoishia na neno "Bwana". Aliliimba kwa kulivuta: akaanzia la, akateleza taratibu kupita so na fa mpaka akatua mi, huku sauti ikitetemeka kidogo mwishoni. Kwenye skrini ule mtelezo ulionekana kama mstari mmoja mrefu unaoshuka, umejaa vilima vidogo. Kuna kitufe cha kuamua mashine isahihishe kwa kasi gani, na kasi hiyo hupimwa kwa milisekunde. Nilipoiweka milisekunde 50, mstari ulibaki na mteremko wake na hakuna aliyegundua kitu. Nikaishusha hadi sifuri. Mteremko ukakatika ukawa ngazi nne: la, so, fa, mi, bila kitu katikati, na ule mtetemo wa mwisho ukageuka kuwa mruko wa haraka kati ya noti mbili. Mwenzake aliyekaa pembeni akasema papo hapo, "Si ndiyo ile ya yule wa jangwani!"

Ndiyo hiyohiyo. Nikamwomba na yeye aimbe neno lilelile. Yeye huimba noti zilizonyooka, kila moja mahali pake, bila kuvuta. Kwa kasi ileile ya sifuri, tofauti ilisikika kidogo tu, pale alipohama kutoka noti moja kwenda nyingine. Hapo ndipo watu wanapokosea juu ya Anar. Ule mng'ao unahitaji sauti inayotembea. Waimbaji wa Sahara na Saheli huivuta noti, huizungusha, huipamba kabla ya kuiacha, na mashine ikiwekwa kwenye kasi kali hugeuza kila pambo kuwa ngazi. Ukiusikia mng'ao mwingi kwenye albamu ile, unasikia kiasi gani mtu anaipamba sauti yake. Mwimbaji asiye na pambo lolote angetoka bapa, na mashine isingempa la kung'arisha.

Mdou Moctar hakuwa wa kwanza upande huo kuitumia hivyo. Auto-Tune ilitengenezwa na Andy Hildebrand, Mmarekani aliyekuwa akichambua mawimbi yanayopita ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, na iliingia sokoni mwaka 1997. Mwaka uliofuata Cher, mwimbaji wa Marekani, akaifanya isikike dunia nzima. Baada ya hapo waimbaji wa raï, muziki maarufu wa Aljeria, na Waberberi, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, wa Moroko waliipenda kuliko karibu watu wote, na studio za Wahausa kaskazini mwa Nigeria zikaijaza kwenye nyimbo za filamu. Studio aliyoingia Sokoto ilikuwa ndani ya mkondo huo. Alichagua sauti ambayo vijana wa ukanda ule walikuwa wakiicheza kwenye simu zao. Anayetaka kujua kama anaweza kuimba bila msaada asikilize Afrique Victime ya mwaka 2021, ambayo aliirekodi na bendi yake: Ahmoudou Madassane kwenye gitaa la pili, Souleymane Ibrahim kwenye dramu na Mikey Coltun kwenye besi. Mng'ao wa Anar hutausikia humo, na sauti imesimama.

Kwa hiyo nawaomba wateja wangu, na nitaendelea kuomba: kabla hujaja studio, rekodi wimbo wako wote kwa simu bila biti, ukilinganisha noti ya kwanza na ya mwisho kwenye kinanda. Ukianza sawa na kinanda lakini ukamaliza chini yake, hujaiva, rudi nyumbani ukafanye mazoezi. Utalipia saa pungufu za kukaa studio na kazi itakuwa nzuri. Walimu wa kwaya, hili linawahusu ninyi zaidi ya vijana. Watu arobaini kwenye maiki mbili hawasahihishiki kwa Auto-Tune hata kidogo, maana programu inahitaji sauti moja kwa wakati. Ikipewa soprano, alto, teno na besi kwa pamoja haijui imfuate nani.

Dhana: hawa ni Waarabu

Hapana. Watuareg ni jamii ya Waberberi, wenye lugha yao na maandishi yao ya kale yaitwayo Tifinagh. Wanaishi Niger, Mali, Aljeria, Libya na Burkina Faso. Kilemba siyo kabila.

Dhana: muziki wa kweli wa jangwani hauna umeme, vijana wameuharibu kwa kompyuta

Wanaosema hivi huwa wamewahi kuwasikia Tinariwen, bendi ya Watuareg wa Mali, na wanadhani wamesikia kitu cha miaka elfu. Tinariwen walianza mwaka 1979 wakiwa uhamishoni Aljeria. Kiongozi wao, Ibrahim Ag Alhabib, alikuwa mtoto mdogo baba yake alipouawa Mali wakati wa uasi wa mwaka 1963, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa kopo, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Watoto wetu wa Uyole na Mbarali wanalijua gitaa la namna hiyo, wao hutumia galoni. Nyimbo za Tinariwen zilisambaa kwa kanda za kaseti zilizorudufiwa mkono kwa mkono, na albamu yao iliyowafungulia dunia, The Radio Tisdas Sessions ya mwaka 2001, ilirekodiwa kwenye kituo cha redio huko Kidal, magitaa ya umeme yakiwa mbele kabisa. Ile ya magitaa makavu, yasiyo ya umeme, Tassili, ilikuja mwaka 2011 na kupata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Yaani kwenye albamu hizo umeme ulitangulia, na utulivu ambao watu wanauita asili ulifuata miaka kumi baadaye.

Ukitaka cha kale kweli, kiko kwa wanawake. Tende ni kinu cha kutwangia kilichowambwa ngozi ya mbuzi, na wanaokipiga na kukiimbia ni wanawake. Imzad, chombo cha uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde, nacho ni chao. Les Filles de Illighadad wa Niger, kundi la Fatou Seidi Ghali, wanakiweka tende na gitaa la umeme kwenye jukwaa moja na havigombani. Nimewapigia kazi yao watu wengi wanaodai wanataka asili, na wengi wao huomba nirudishe magitaa ya wanaume. Basi tatizo halikuwa kompyuta.

Dhana: biti imekosewa, dramu na gitaa haviendani

Hili nalisikia kwa maprodyuza wadogo hasa. Programu ya kutengenezea biti ukiifungua inakupa nne kwa nne, na kijana aliyejifunzia humo anaamini muziki wote unahesabiwa hivyo. Nyimbo nyingi za Watuareg zinahesabiwa sita. Hesabu moja mpaka sita kwa sauti, mguu ukigonga kwenye moja na nne, kisha viganja vipige kwenye moja, tatu na tano. Mguu unasikia mbili, viganja vinasikia tatu, na vyote viko sahihi. Gitaa la Mdou Moctar hupenda kukaa upande wa viganja wakati dramu ziko upande wa mguu, ndiyo maana asiyezoea anadhani mmoja amepotea. Ngoma zetu nyingi zimejengwa hivyohivyo, na sijawahi kumwona mtu akisimamisha ngoma Tukuyu kulalamika kwamba biti imepinda. Maprodyuza, fanyeni zoezi hilo la mguu na viganja kila asubuhi mpaka liwatoke bila kufikiri, ndipo mguse kipanya.

Dhana: sauti imechakaa kwa kurushwa simu hadi simu

Ni kweli Anar ilisambaa kwa memori kadi na Bluetooth kote Niger na nje ya mipaka yake, na kwa njia hiyo ilimfikia Christopher Kirkley wa lebo ya Sahel Sounds, aliyekuwa akikusanya nyimbo kutoka kwenye simu za watu. Lakini faili likirushwa kwa Bluetooth linafika lilelile, tarakimu kwa tarakimu, hata likipita kwenye simu mia. Kaseti ndiyo iliyokuwa ikichoka kila ikirudufiwa. Faili huharibika pale mtu anapoligeuza upya kuwa MP3 dogo ili lisijaze kadi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata sauti za juu kuanzia kilohezi 16 hivi, na ukiigeuza tena, na tena, matoazi huanza kusikika kama maji yanayomwagika. Kwa hiyo ukimpelekea mtu kazi yako, mpe WAV, faili lisilobanwa, kwenye flashi. Na tafadhali usiihukumu albamu yoyote kwa spika ya simu, besi yote haimo.

Dhana: anaiga Hendrix, kisha anajificha nyuma ya kelele

Wanasema hivi kwa sababu, kama Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu wa roki wa Marekani, anatumia mkono wa kushoto na gitaa lake linalia kwa nguvu. Aliyemtia hamu ya gitaa ni Abdallah Oumbadougou, Mtuareg mwenzake wa Niger, mmoja wa walioanzisha gitaa la Kituareg nchini humo. Kijana Mdou naye alijitengenezea gitaa, nyuzi zake zikiwa za waya wa baiskeli. Anapiga kwa vidole vitupu, bila kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, na mikimbio yake, yaani noti nyingi zinazofuatana haraka, inafuata nyimbo za harusi za kwao.

Kuhusu kelele, albamu ya Funeral for Justice ya mwaka 2024 ina kelele nyingi kweli, na ni makusudi, inazungumzia Ufaransa na viongozi wa Afrika. Mapinduzi yalipotokea Niger Julai 2023, bendi ilikuwa ziarani Marekani na wanamuziki wakashindwa kurudi nyumbani kwa wakati. Ziara ilipokwisha waliingia studio New York, wakakaa chini, wakazipiga nyimbo zilezile upya kwa magitaa makavu, na mwaka 2025 zikatoka kwa jina la Tears of Injustice. Weka albamu hizo mbili pamoja, wimbo kwa wimbo. Upigaji uliokuwa ndani ya kelele unausikia wazi kwenye gitaa kavu, hata kidole kinapoacha uzi.