Waliopigana ziwani kwetu walikuwa Wakuba pande zote mbili

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga. Kijana mmoja, fundi wa injini za boti za Kibirizi, akaniuliza: "Mwalimu, hivi wale Wakuba wa Che Guevara waliopitia hapa Kigoma walivuka kwenda kupigana na nani?" Nikamjibu, na Wakuba wenzao. Akacheka, akadhani namtania.

Che, mwanamapinduzi aliyepigana bega kwa bega na Fidel Castro huko Kuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka hapa Kigoma, akatia mguu Kibamba, upande wa Kongo, tarehe 24 Aprili 1965. Jina lake la vita lilikuwa Tatu, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa sababu wenzake wawili walishachukua Moja na Mbili. Alikwenda kuwasaidia waasi wa mashariki. Upande wa serikali walikuwapo mamluki wa Mike Hoare, na juu yao zikiruka ndege za marubani wa Kuba waliokimbia nchi yao na kuajiriwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wakimbizi wengine wa Kuba wakapangwa kwenye boti za doria humu humu ziwani. Wamo waliokuwa wameshajaribu kumng'oa Castro, mtawala wa Kuba, mwaka 1961 kwa kutua Ghuba ya Nguruwe, pwani ya Kuba, wakashindwa. Kwa hiyo ugomvi wa Havana ulikuja kuendelezwa kwenye maji ambayo sisi tunavulia dagaa.

Nafundisha historia, na Vita Baridi ndiyo sehemu ninayoipenda. Kila nikiuliza darasani nani aliupinga ukomunisti, jibu linakuja kwa sauti moja: mabepari! Siwalaumu. Wazazi wao walikua wakiimbishwa kwamba ubepari ni unyama, kwa hiyo anayepinga ukomunisti lazima awe mnyama mwenye pesa. Jibu hilo nalipa nusu alama. Kabla ya kutoa hukumu yoyote mimi huuliza kwanza: huyu anayepinga ni nani, na anataka nini badala yake?

Wapinzani wa mapema walitoka nyumba moja na Karl Marx mwenyewe, mwasisi wa ukomunisti. Mikhail Bakunin alikuwa mwanamapinduzi kama yeye, lakini alisema dola ikishikwa kwa jina la wafanyakazi itazaa mabwana wapya. Mwaka 1872, kwenye mkutano wa Den Haag, akafukuzwa kwenye umoja wao wa kimataifa wa wafanyakazi. Halafu njoo Machi 1921, Kronstadt, ngome ya kisiwani huko Urusi, jirani na Petrograd (leo St. Petersburg). Mabaharia wa pale walikuwa mstari wa mbele kwenye mapinduzi ya 1917 yaliyowapa wakomunisti madaraka. Sasa wakawaasi wakomunisti hao. Walitaka mabaraza yachaguliwe upya kwa kura ya siri, na wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema. Soma madai yao, hutakuta mahali wanapoomba tajiri arudishiwe kiwanda chake. Jeshi Jekundu la serikali likawaendea kwa miguu juu ya bahari iliyoganda. (Wanafunzi wangu wa Ujiji huwa hawaamini hapo: maji yagande mpaka jeshi lipite juu yake?) Likawaponda.

Kanisa Katoliki lilipinga kwa njia yake. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 akiukataa usoshalisti, lakini katika waraka huo huo akawakaripia waajiri na kutetea haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1937 Pius XI akaulaani ukomunisti waziwazi. Mafundisho hayo yalifika huku kupitia misheni, na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's pale pale Tabora, alikuwa Mkatoliki aliyeyajua vizuri. Mwaka 1962 alipoueleza ujamaa wake, alikataa kabisa kwamba lazima uanzie kwenye vita vya matabaka. Kwake mzizi ulikuwa ukoo. Kikomunisti, huo ni uasi. Lakini miaka mitatu baadaye serikali yake ikawapitisha Wakuba hapa Kigoma.

Wanafashisti nao walipinga. Ujerumani na Japani zilitia saini mkataba wa kuikabili Komintern, umoja wa vyama vya kikomunisti duniani ulioongozwa na Moscow, mwaka 1936. Sina hamu ya kuwakalisha hapa.

Wafanyakazi wa Poland, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na wakomunisti, ndio ninaowapenda kuliko wote. Agosti 1980, kwenye kiwanda cha meli cha Gdańsk kilichoitwa kwa jina la Lenin, alifukuzwa mama mmoja dereva wa kreni, Anna Walentynowicz, akiwa amebakiza miezi mitano tu astaafu. Wenzake wakagoma. Fundi umeme Lech Wałęsa, ambaye naye alishafukuzwa kazi pale, akaruka ukuta akaingia kuwaongoza. Madai yakafika 21, na la kwanza kabisa lilikuwa chama cha wafanyakazi kisichokuwa chini ya serikali wala chama tawala. Kikazaliwa Solidarność, yaani Mshikamano, na katika muda wa mwaka mmoja hivi wanachama wakakaribia milioni 10. Hebu waza: dola inayosema ni ya wafanyakazi inagomewa na wafanyakazi! Tarehe 13 Desemba 1981 ikatangaza utawala wa kijeshi. Juni 1989 uchaguzi ulipofunguliwa kidogo, Solidarność ilichukua viti 99 kati ya 100 vya seneti.

Nikifika hapo huwa nakumbusha kwamba hata sisi, ambao hatukuwa wakomunisti, tulivunja TFL, shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi, mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, na kuweka NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya mkono wa serikali. Reli na bandari ya Kigoma zina wazee wanaokumbuka.

Halafu kuna walioligeuza neno hilo kuwa rungu. Makaburu walipitisha mwaka 1950 Sheria ya Kukomesha Ukomunisti, na humo maana ya ukomunisti ikatanuliwa hadi kumnasa karibu kila aliyedai mabadiliko kwa fujo au kwa kukiuka sheria. Mtu angeweza kuwa mcha Mungu wa kila Jumapili, bado akaandikwa mkomunisti. Indonesia, kuanzia Oktoba 1965, waliuawa watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni au zaidi, wakomunisti na waliodhaniwa hivyo.

Oktoba hiyo hiyo Che alikuwa bado ng'ambo yetu, akirudishwa nyuma kila siku. Wakuba walishajulikana kwamba wapo tangu mwishoni mwa Juni, pale wanne walipouawa mahali paitwapo Bendera, upande wa Kongo, na shajara ya mmoja wao ikaokotwa. Usiku wa tarehe 21 Novemba wakavuka kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye Mobutu akapindua serikali, akatawala kwa karibu miaka 32, na muda wote wa Vita Baridi Magharibi ikamlea kama ngome dhidi ya ukomunisti.

Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi waliosaidiwa na Che, hakutoweka. Mei 1975 watu wa chama chake walivuka wakateka wanafunzi wanne wa utafiti pale hifadhi ya sokwe ya Gombe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Mwaka 1996 vita yake dhidi ya Mobutu ikaanza upya, na Wakongo wakamiminika ufukweni kwetu kwa boti. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo, na hadi leo ina watu.

Fundi wa Kibirizi alikuwa ameacha kahawa yake ipoe. "Sasa Mwalimu, mwaka 1996 huyo Mobutu alikuwa anatulinda na wakomunisti gani?"

Nikamwambia hawakuwapo tena. Moscow kwenyewe chama kilipigwa marufuku mwaka 1991.