Umepigwa Tochi Mara Mbili Safari Moja? Soma Kabla ya Kulalamika

Kila inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama, dawati letu la elimu kwa umma, sisi askari wa usalama barabarani, hupokea lalamiko moja lenye sura nyingi. Dereva ametoka Morogoro kwenda Dodoma. Dumila kapigwa tochi, yaani kamera ya polisi ya kupima mwendo imemnasa, kaandikiwa faini. Anafika Gairo, anasimamishwa tena na kuoneshwa picha yake nyingine. Siku ileile, gari lilelile, kosa lilelile. "Huu si uonevu?" Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutueleza, kwa uhakika mkubwa, kwamba ukishaandikiwa kosa hupaswi kuguswa tena kwa kosa hilo mpaka saa 24 zipite.

Tuanze na hizo saa 24, maana ndizo zinazotuchosha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimpi mtu yeyote likizo ya saa 24 baada ya kuandikiwa mwendo kasi. Nadhani imani hii imetokana na makosa ya ubovu wa gari. Taa ya mbele imeungua usiku njiani, askari wa kwanza anakuandikia, wa pili akiiona notifikesheni, ile karatasi ya kosa na faini, anakuambia endelea polepole ukatafute fundi mjini. Hiyo ni busara, kwa sababu taa iliyoungua huwezi kuifufua ukiwa kwenye usukani. Mwendo unaweza kuupunguza, na kifaa chake kiko chini ya mguu wako wa kulia.

Kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari mazito ya zaidi ya kilo 3,500, hata barabara ikiwa nyeupe kiasi gani. Kosa la mwendo kasi hukamilika pale pale ulipozidisha: mahali fulani, saa fulani, mwendo fulani. Ukivuka kibao cha kumaliza 50 pale Dumila, kosa la Dumila limekwisha na lina hesabu yake. Mbele unakutana na kibao kingine cha 50, cha watu wengine, na sheria inakudai utii upya. Ukipita na 72, hilo ni tendo jipya. Faini uliyolipa nyuma si kiingilio cha uwanjani kwamba ukishakatiwa unakaa popote mpaka mechi iishe. Mtoto anayevuka barabara Gairo hajui kama umeshalipa Dumila, na gari linalokwenda 70 linagonga kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya lile linalokwenda 50.

Kwa hiyo notifikesheni mbili za maeneo mawili tofauti ni makosa mawili. Tatu za maeneo matatu ni matatu. Wapo wanaofika Kibaigwa wakiwa na nne, na hao kwa kweli hawahitaji makala.

Hata hivyo, lipo eneo ambalo mlalamikaji ana haki, na hapa nawaomba hata askari wenzangu wasome taratibu. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinakataza mtu kuadhibiwa mara mbili kwa kosa lilelile, na haijalishi kama adhabu ya pili inatoka kwenye sheria nyingine. Kanuni hiyo inagusa tochi kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Mnafahamu utaratibu wa kawaida: askari mwenye tochi yuko sehemu moja, anapiga picha na kuituma kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, na huyo ndiye anayekusimamisha. (Suala la askari kukaa nyuma ya mwembe lina mjadala wake, sitaligusa leo.) Inaweza kutokea picha moja ikafika vituo viwili. Ukiandikiwa kwenye kituo cha kwanza, kisha kituo cha pili kikakuonesha picha ileile, hapo unaadhibiwa mara mbili kwa tendo moja na hupaswi kukubali. Lakini utajuaje kama hukuangalia? Picha ya tochi ina namba ya gari, mwendo uliosomwa, tarehe na saa. Ukisimamishwa, omba kwa adabu uoneshwe. Soma saa mpaka dakika. Linganisha na notifikesheni uliyonayo mkononi. Wengi wanaotuletea malalamiko walikunja ile karatasi wakaitupa kwenye dashibodi bila kuisoma, na baadaye wanataka sisi tukumbuke walipigwa tochi saa ngapi.

Hali ya pili ni ngumu kidogo. Umepigwa tochi mwanzoni mwa kijiji saa 4:10, ukapigwa tena mwishoni mwa kijiji hichohicho saa 4:12, bila kusimamishwa katikati, ndani ya kibao kimoja cha 50. Kwa maoni yangu huo ni mwendo mmoja ulioendelea, na notifikesheni moja inatosha. Askari anaweza kuwa na maoni mengine, na mwenye neno la mwisho ni hakimu. Lakini kama ulisimamishwa, ukaandikiwa, ukaondoka kwa hasira na kupigwa tochi mita mia tano mbele, usije kwetu.

Hali ya tatu ni kugawanya tendo moja vipande viwili: mwendo kasi, halafu kutotii alama ya barabarani, alama yenyewe ikiwa kile kile kibao cha 50. Hili nalo linapingika. Usilichanganye na kupita kwa kasi huku unalipita gari lingine kwenye mstari usiokatika. Hapo kuna makosa mawili halisi, kila moja na ushahidi wake.

Sasa jinsi ya kupinga. Notifikesheni si hukumu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani kinakupa nafasi ya kukubali kosa ukalipa faini, ambayo ni shilingi 30,000 kwa kosa, au kulikataa ili suala lipelekwe mahakamani. Ukilipa, umekubali. Narudia, kwa sababu kila wiki kuna anayelipa asubuhi na kuja kupinga mchana. Kama unabisha, usilipe kwanza. Mweleze askari palepale kwamba hukubali, na kama hamkuelewana nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya husika ukiwa na notifikesheni zote mbili. Usiende wilaya unayoishi. Dumila iko Kilosa, Gairo ina wilaya yake, na aliyeko Ubungo hawezi kukufutia kitu cha huko. Mahakamani ujue kwamba hakimu habanwi na zile 30,000: ukitiwa hatiani, adhabu inaweza kuzidi, na leseni yako pia iko mikononi mwake.

Kama unakubali, lipa ndani ya siku 7 kwa namba ya malipo iliyoandikwa kwenye notifikesheni, ile mnayoiita kontrol namba, kwa simu, benki au wakala. Zikipita siku hizo mfumo unaongeza asilimia 25, yaani shilingi 7,500 kwa kila kosa, na hakuna askari anayeweza kuiondoa kwa kuombwa. Deni linasomeka kwa namba ya gari, kwa hiyo anayenunua gari la mkononi akague deni kabla ya kutoa pesa. Tumeona watu wakirithi faini za safari ambazo hawakusafiri.

Kwa madereva wa mabasi kuna la ziada. Basi lako lina kifaa cha kufuatilia mwenendo kinachosomwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na LATRA inaweza kuchukua hatua yake kwa mwendo ambao polisi nao wamekuandikia. Mnauliza kama huko si kuadhibiwa mara mbili. Hatua ya LATRA inahusu masharti ya leseni ya usafirishaji, ambayo mmiliki aliyakubali mwenyewe. Notifikesheni ya polisi inamhusu dereva na kosa la barabarani. Mmiliki anayekata zote mbili kwenye posho ya dereva azungumze na mwanasheria wake wa ajira, si na sisi.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya barabarani.

Limebaki jambo moja ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: "Lakini afande, kule nyuma nilishamalizana nao." Tukiomba notifikesheni, haipo. Tukiomba risiti, haipo. Kwenye mfumo, gari halina kosa lolote siku hiyo. Ndugu yangu, hukulipa faini, kwa hiyo hakuna adhabu ya kwanza ya kulinganisha na hii ya pili. Kilichopo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu aliyepokea na aliyetoa. Ukiombwa, piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni bure, ukiwa na jina la mahali, saa, na kama umeiona, namba ya askari iliyo kwenye sare yake. Piga kabla ya kutoa. Ukishatoa, maelezo yako yataanza na wewe mwenyewe.