Ufunguo ukae na nani: kuchagua barua pepe na hifadhi ya wingu inayolinda faragha

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu faragha huanza na swali lile lile: nikiacha Gmail, nihamie wapi? Kazi yangu ni kukagua mifumo ya kuhifadhi data, na jibu langu huwashangaza wengi, kwa kuwa huwaomba waiweke barua pepe kando kwanza tuzungumze kuhusu faili: picha, mikataba, majibu ya vipimo vya hospitali, nakala za pasipoti na kila kitu kingine kilichorundikwa kwenye wingu hadi mwenyewe akasahau kwamba kipo. Barua pepe ndiyo inayotangazwa zaidi na kampuni za faragha, lakini kati ya huduma hizo mbili ndiyo inayofaidika kidogo zaidi na usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke kwa asiye na ufunguo wake, na mtu asiyejua kwa nini iko hivyo hulipia kitu kimoja akidhani amenunua kingine.

Sababu iko kwenye muundo wenyewe. SMTP, itifaki inayopeleka barua pepe kutoka seva hadi seva, ilichapishwa mwaka 1982, na ilijengwa ili seva yoyote iweze kuikabidhi barua kwa seva nyingine yoyote bila kujali mmiliki wake ni nani. Uwazi huo ndio ulioifanya idumu, na ndio huo huo unaoinyima siri. Tuchukue barua moja tu. Mtumaji ana akaunti ya Proton Mail, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva. Mpokeaji yuko Gmail. Barua ikitumwa, husafiri ikiwa imesimbwa kati ya seva na seva, kisha hufunguliwa inapofika, na tangu hapo Google inabaki na nakala kamili ya maneno, viambatisho, saa na anwani ya mtumaji. Nakala iliyobaki kwenye kikasha cha mtumaji imesimbwa kwa ufunguo ambao Proton yenyewe haina, na hilo ni jambo la maana, ila nakala ya pili ipo nje na hakuna malipo ya mwezi yatakayoirudisha. Kwa barua inayotoka Gmail kwenda Proton hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili: barua hufika ikisomeka, na seva huisimba ikishaipokea.

Hapo katikati, kati ya kupokea na kusimba, pana nafasi ndogo ambayo sheria imekwisha kuitumia. Mwaka 2020 mahakama ya Cologne, Ujerumani, iliiamuru Tutanota, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Tuta, itoe nakala za barua zilizokuwa zikiingia kwenye akaunti moja bila kusimbwa. Barua zilizokwisha kusimbwa hazikuweza kutolewa, kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kuzisoma. Mwaka uliofuata Proton ililazimishwa na mamlaka za Uswisi kurekodi anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa, na taarifa hiyo ikafika kwa polisi wa Ufaransa; maandishi ya barua zake hayakutolewa, kwa sababu ile ile. Sioni kwamba kampuni hizo ziliwasaliti wateja. Zilitii sheria za nchi zilizozisajili, kama itakavyofanya kampuni yoyote halali, na matukio hayo mawili yanatuonyesha mpaka ulipo kuliko tangazo lolote: kile ambacho kampuni inaweza kukijua, mahakama inaweza kukidai.

Ndiyo maana ninapokagua huduma sianzi na sera ya faragha. Naanza kwa kutafuta ufunguo uko wapi, na kampuni inashindwa kufanya nini hata ikitaka. Mwaka 2013 Lavabit, huduma ya barua pepe ya Marekani aliyokuwa akiitumia Edward Snowden, aliyefichua siri za upelelezi wa Marekani, ilifungwa na mwenyewe, Ladar Levison, kuliko kuitumikia serikali iliyokuwa imedai funguo za usimbaji za seva yake. Ujasiri wake naustahi. Lakini mfumo ambao usalama wa wateja wote unategemea mtu mmoja kuwa tayari kuifunga biashara yake ni mfumo uliowekwa vibaya, kwani funguo zile hazikupaswa kuwa na uwezo huo tangu mwanzo.

Hata watu wawili wakiwa ndani ya huduma moja, bado kuna kinachobaki wazi. Proton hutumia OpenPGP, kiwango kilichotokana na programu ya PGP ambayo Phil Zimmermann aliitoa mwaka 1991, na kiwango hicho husimba maandishi na viambatisho huku kikiacha mada ya barua ikisomeka. Kwa hiyo anayeandika „Matokeo ya kipimo cha damu“ kwenye mstari wa mada amekwisha kusema nusu ya habari. Tuta ilijitengenezea mfumo wake, ikausimba mstari huo pamoja na kalenda na kitabu cha anwani, na gharama yake ni kwamba haitumii IMAP, njia ya kawaida ambayo programu za barua husomea kikasha, hivyo huwezi kuisoma kwa Thunderbird wala programu nyingine uliyoizoea. Ni lazima utumie programu zao. Proton inakuruhusu kwa kupitia programu yake iitwayo Bridge, inayokaa kwenye kompyuta, ikiwa unalipia. Lakini nani amemwandikia nani, na saa ngapi, hakuna kati yao inayoweza kujificha isijue, maana seva isiyojua barua inakwenda wapi haiwezi kuifikisha.

Basi kuna faida gani kuhama? Ipo, ila ni ya aina nyingine. Unabadilisha anayekuhudumia na namna anavyopata pesa. Kwa haki, isemwe kwamba Google ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha kutumia maandishi ya Gmail kulenga matangazo. Tatizo lililobaki ni kwamba akaunti ile ile ya barua ndiyo inayobeba historia ya unachokitafuta, ramani za unakopita, video unazotazama na simu yako nzima. Barua ikihamia kwa kampuni inayoishi kwa ada ya wateja, mnyororo huo hukatika mahali pamoja. Kwa kipimo hiki Posteo na Mailbox.org, zote za Berlin, zinafaa, na hata Fastmail ya Australia inafaa kwa watu wengi, ingawa haina usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ule unaoacha ufunguo kwa mtumaji na mpokeaji tu, na yenyewe haifichi jambo hilo. Mimi huiamini zaidi kampuni inayosema wazi kile isichokifanya kuliko ile inayojaza ukurasa wake wa kwanza maneno kama „usalama wa kiwango cha jeshi“.

Sasa turudi kwenye faili. Faili yako haina mpokeaji. Inatoka kwako na kurudi kwako, na huyo wa katikati hahitaji kujua chochote isipokuwa mahali pa kuiweka. Usimbaji unaofanyika kwenye kifaa chako kabla ya kupakia unaifunika njia nzima, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba huhitaji hata kuihama huduma uliyo nayo. Cryptomator, programu huria (msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuukagua) iliyotengenezwa Ujerumani, huunda kasha ndani ya folda yako ya Google Drive, Dropbox au OneDrive. Ukilifungua kwa nenosiri, kompyuta yako huliona kama diski ya kawaida yenye majina yako ya kawaida. Ukiingia kwenye tovuti ya huduma hiyo kuliangalia kutoka upande wa kampuni, unakuta folda iitwayo „d“, ndani yake folda nyingine zenye majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana, na mwishoni faili zinazoishia na .c9r. Mkataba wa kazi, picha ya mtoto na orodha ya manunuzi vyote vinafanana. Kinachobaki wazi ni idadi ya faili, ukubwa wake wa kukadiria na wakati zilipobadilishwa, na kwa mtu wa kawaida hilo linavumilika kabisa.

Gharama yake iko kwenye matumizi ya kila siku. Huwezi kutafuta neno ndani ya faili hizo kwa kupitia tovuti, picha hazionekani kwa udogo, na kuhariri hati moja watu kadhaa kwa wakati mmoja hakuwezekani. Kwa hiyo mimi hugawa: hati za kazi za pamoja hubaki zilipo, nyaraka za maisha yangu huingia kwenye kasha. Anayetaka vyote viwe tayari bila kujisumbua ana Proton Drive, Tresorit au Filen, na kwa picha peke yake Ente, inayosimba kabla ya kupakia na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Hata hivyo, neno „imesimbwa“ kwenye tangazo halitoshi. Mwaka 2022 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha udhaifu katika usimbaji wa MEGA, huduma ya hifadhi ya wingu, na mwaka 2024 watafiti wa chuo hicho hicho wakazipima huduma tano, Sync, pCloud, Icedrive, Seafile na Tresorit, wakichukulia kwamba seva imetekwa na adui. Katika nyingine adui huyo aliweza kuingiza faili zake kwenye hifadhi ya mtumiaji au kupata njia ya kuzisoma zilizomo. Tresorit ndiyo iliyosimama vizuri zaidi. Ninachokitazama baada ya taarifa kama hiyo ni jinsi kampuni ilivyojibu: ilirekebisha, ilieleza, au ilinyamaza? Msimbo ulio wazi na ukaguzi wa nje unaochapishwa mzima, pamoja na makosa yaliyopatikana, una uzito kuliko nembo yoyote ya cheti.

Kuhusu kujiendeshea seva yako mwenyewe kwa Nextcloud, nitasema kwa kifupi. Ni programu nzuri, ila seva isiyopata masasisho kwa miezi ni mlango wazi, na usimbaji wake wa upande wa seva kwa kawaida huacha ufunguo kwenye seva hiyo hiyo, maana yake msimamizi anaweza kusoma. Kama huna mtu wa kuihudumia, hifadhi ya kampuni kubwa pamoja na Cryptomator itakulinda vizuri zaidi.

Nchi nayo ina uzito wake, ingawa haina uzito unaotangazwa. Apple ilianzisha Advanced Data Protection mwishoni mwa mwaka 2022, mpangilio ambao ukiwashwa huzisimba nakala rudufu, picha na faili za iCloud kwa funguo zilizo kwenye vifaa vya mtumiaji tu, huku barua, anwani na kalenda zikiachwa nje. Februari 2025 iliuondoa kwa watumiaji wa Uingereza baada ya serikali kudai njia ya kuzifikia data hizo. Hesabu za usimbaji zilikuwa zile zile na programu ile ile. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuitumia. Kasha unalolifunga mwenyewe kwa programu huria haliondolewi kwa tangazo la kampuni.

Kushika ufunguo mwenyewe kuna upande wake mgumu. Ukisahau nenosiri la Gmail, kuna namna ya kujitambulisha na kurudishiwa kila kitu. Ukisahau la Proton bila kuwa umehifadhi maneno ya kurejesha, utaweza kuifungua akaunti upya, lakini barua za zamani zitabaki zimefungwa. Ukisahau la Cryptomator bila kuwa na ufunguo wake wa kurejesha, umepoteza, na hakuna wa kumpigia simu. Yaandike kwenye karatasi, yaweke mahali pawili tofauti, na mtu mmoja unayemwamini ajue karatasi iko wapi. Tena kusawazisha si kutunza nakala rudufu: ukifuta faili kwenye simu, wingu litaitii simu, kwa hiyo diski ya nje bado inahitajika.

Kitu cha mwisho ninachokikagua ni mlango wa kutokea. Skiff ilikuwa huduma ya barua na hati zilizosimbwa, yenye sura nzuri na msimbo uliochapishwa. Februari 2024 ilinunuliwa na Notion, na watumiaji wakapewa miezi sita kuondoka. Waliokuwa na kikoa chao wenyewe, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, walibadilisha rekodi za MX, zinazosema barua za kikoa zipelekwe seva gani, zikaelekea kwa mtoa huduma mwingine, na waliowaandikia hawakugundua lolote. Waliokuwa na anwani ya kampuni ilibidi waanze kuarifu benki, shule na kila tovuti. Ndiyo maana nashauri kikoa kinunuliwe kabla ya kuchagua mtoa huduma, rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ziwekwe sawa ili barua zisiishie kwenye barua taka, na kikoa hicho kilipiwe miaka kadhaa mbele kwa akaunti yenye uthibitishaji wa hatua mbili, kwani kikiisha muda mtu mwingine anaweza kukinunua na kupokea barua zako za kubadilishia nenosiri. Kwa tovuti usizoziamini, lakabu za SimpleLogin au addy.io, yaani anwani za kujificha zinazoipeleka barua kwenye anwani yako halisi, zinatosha: kila tovuti hupewa anwani yake, na ile inayovujisha huzimwa peke yake.

Akaunti ya zamani usiifute. Iwekee kuhamisha barua kwenda kwenye anwani mpya, na kila barua inayoingia kwa njia hiyo iwe ishara kwamba kuna mahali hujabadilisha anwani. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, maana kuna huduma zinazokuandikia mara moja kwa mwaka. Ingia humo mara kwa mara pia: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, na Yahoo iliwahi, mwaka 2013, kuwapa watu wengine majina ya akaunti zilizolala. Barua za zamani zipakue kwa Google Takeout zikiwa katika muundo wa MBOX, uhakikishe zinafunguka kwenye programu nyingine, kisha uziweke ndani ya kasha lile lile la faili kabla ya kuzifuta kwenye seva.