Je, wajua? Unaweza kuishi ndani ya mfumo na bado usiujue

Nani anaujua utawala zaidi, aliyeishi chini yake au anayeutazama kwa nje? Hili swali mimi nilikuwa nalimaliza kwa methali moja tu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, yaani kama hujaishi chini ya ule utawala nyamaza, waulize wenyewe. Kumbe methali iko sawa ila nilikuwa naisoma nusu.

Chukulia bweni lina vitanda 100. Kunguni wanauma kila mtu lakini anayelalamika anafukuzwa, kwa hiyo watu wanajikuna chini ya shuka kimyakimya na asubuhi wote wanasema tumelala salama. Wewe uliyelala humo unajua nini? Kunguni wa kitanda chako, basi. Wale 99 unawaona wametulia, unaanza kuhisi labda ngozi yako ndo mbovu, na wao wanakutazama wewe wanawaza hivyohivyo! Mchumi Timur Kuran ameichambua sana hii tabia ya watu kuficha wanachokitaka.

Mfano halisi ni Ujerumani Mashariki, enzi za wakomunisti, uchaguzi wa Mei 1989: unapewa karatasi yenye orodha moja ya wagombea, unaikunja, unatumbukiza, hiyo ndo kura yako ya "ndiyo". Kibanda cha siri kilikuwepo, ila ukiingia tu ushajianika. Watu wenyewe walikuwa wanasema wanaenda "kukunja". Matokeo rasmi, ndiyo 98.85%. Machi 1990 ukaja uchaguzi huru, chama kilichokuwa kinatawala, na jina jipya juu, kikapata 16.4%. (Ile 98 nayo ilichakachuliwa, raia walikwenda kusimamia hesabu vituoni wakaligundua hilo, kwa hiyo pengo lote usiliite woga.)

Mgeni je? Yeye haogopi kufukuzwa, ila anaonyeshwa kitanda kilichotandikwa. Édouard Herriot, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alizungushwa Ukraine, iliyokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, 1933, mwaka wa njaa iliyoua mamilioni, akarudi anasifia bustani. Mwaka huohuo Gareth Jones, mwandishi kijana wa Wales anayejua Kirusi, alishuka kwenye treni kabla ya mji wa Kharkiv, hukohuko Ukraine, akakatiza vijijini kwa miguu, na kila alikopita kilio ni kilekile: hakuna mkate, tunakufa. Alichofanya ni kupita kitanda kwa kitanda, kitu ambacho anayelala bwenini hathubutu.

Na aliyejitokeza kumpinga Jones gazetini ni Walter Duranty, mwandishi wa New York Times, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya kumi anaishi Moscow.