Kabla ya Kuitisha Harambee ya India: Roboti ya Mionzi Inafaa Uvimbe Gani?

Mzee aliingia kliniki yetu ya Nakuru akitembea taratibu, bahasha ya kaki kwapani, wanawe wawili wakimfuata. Walikuwa wametoka Muhoroni alfajiri. Kabla sijaifungua bahasha, kifungua mimba wake alinisogezea simu. Lilikuwa kundi la WhatsApp la mchango, na juu yake picha ya mkono mkubwa wa chuma umemwinamia mgonjwa kitandani. "Daktari, tunampeleka baba India kwa hii roboti. Tumekuja kuomba barua tu."

Bahasha ilikuwa na habari nyingine. Mzee alikuwa na saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na ugali ulikuwa umeanza kumkwama kifuani. Roboti ile, pamoja na sifa zake zote, si tiba ya ugonjwa wake.

Mazungumzo ya namna hii nimekuwa nayo mara nyingi, na familia za Kericho, za Kakamega, za Kisumu. Karibu kila mara pesa zimeshaanza kuchangwa kabla swali la kwanza halijaulizwa.

Mashine inayotajwa sana inaitwa CyberKnife. Jina lake lina kisu lakini mwili haukatwi popote, wala damu haitoki. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1951, Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Uswidi, alieleza jinsi miali mingi ya mionzi inavyoweza kukutanishwa mahali padogo ndani ya kichwa pasipo kulifungua fuvu. Tatizo lilikuwa kumzuia mgonjwa asitikisike. Leksell alikifunga kichwa kwa fremu ya chuma iliyokazwa kwa skrubu mfupani. Daktari kijana wa Marekani, John Adler, alikwenda kujifunza kwake Stockholm, akarudi Stanford na swali moja: je, badala ya kumfunga mgonjwa, mashine yenyewe haiwezi kumfuata? Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Stanford mwaka 1994. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu mashine hiyo itumike kwa uvimbe wa sehemu yoyote ya mwili, si kichwani peke yake.

Mkono wenyewe ni wa aina ile ile inayounganisha magari viwandani, una viungo 6 vya kujipinda. Mwishoni mwake umebeba mtambo mdogo wa kutoa mionzi. Darini kuna mashine mbili za eksirei, na kila baada ya muda mfupi wakati wa tiba zinapiga picha. Kompyuta inalinganisha picha hizo na ramani ya mwili iliyochorwa kabla, na mgonjwa akiwa amesogea kidogo, mkono unajirekebisha. Kosa linalobaki ni chini ya milimita 1.

Sasa, mionzi inapitaje kwenye nyama nzima bila kuiharibu? Fikiria kijiji kinamsaka mwizi usiku katika shamba la mahindi. Watu mia moja wamelizunguka shamba, kila mmoja na tochi yake ndogo. Mwanga wa tochi moja hauwezi kumwonyesha mtu vizuri, na bua moja la mahindi linaangaziwa na tochi moja au mbili tu. Lakini tochi zote zikielekezwa pale mwizi alipojikunyata, mahali hapo panakuwa mchana. Miali ya roboti hutoka pande nyingi hivyo, mara nyingi zaidi ya mia. Kila mwali ni dhaifu njiani, na nguvu yao inakutana kwenye uvimbe.

Ila mwizi huyu mara nyingine hatulii. Uvimbe wa sehemu ya chini ya pafu hupanda na kushuka na pumzi, hata sentimita 1 au 2, kama mtumbwi uliofungwa ufukweni Dunga. Kwa mashine ya kawaida tunalazimika kupanua eneo la mionzi ili uvimbe usitoroke, na nyama nzuri ya pembeni inalipa gharama. Roboti hii hujifunza mwendo wa pumzi kwa kutazama vitaa vilivyobandikwa kwenye fulana kifuani, kisha hupanda na kushuka pamoja na uvimbe. Mara nyingi daktari hutangulia kuingiza punje za dhahabu, ndogo kama mchele, ndani au kando ya uvimbe ili eksirei izione. Husubiriwa kama wiki moja zitulie ndipo mipango ianze. Wagonjwa wengine huuliza kama dhahabu hiyo itatolewa baadaye. Haitolewi, unabaki nayo.

Siku ya tiba unalala kitandani, na kama ni kichwa unavikwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yako. Kila mara ni kati ya nusu saa na saa moja na kidogo, na zoezi zima huisha kwa mara 1 hadi 5. Huku kwetu watu husema "kuchomwa", na neno hilo limewaogopesha wengi bure, kwa maana ukiwa pale kitandani husikii joto wala maumivu. Ukitoka hubebi mionzi mwilini. Nenda ukampakate mjukuu wako.

Mara 1 hadi 5 dhidi ya mara 25 au 35 za mashine ya kawaida. Hapo ndipo watu wanapodhani kwamba mashine ya kawaida ni ya maskini na roboti ni ya wenye nacho. Sivyo. Dozi ya mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Katika tiba ya kawaida tunatoa kama grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa makusudi: seli nzuri zilizoguswa hujirekebisha kati ya siku na siku, seli za saratani hujirekebisha vibaya. Ndiyo maana tunaweza kutibu eneo kubwa. Roboti inaweza kutoa grei 54 kwenye uvimbe wa pafu kwa mara 3 tu. Dozi nzito hivyo ukiimwaga kwenye eneo kubwa, utamuumiza mgonjwa. Inahitaji uvimbe mdogo, wenye mipaka inayoonekana, na usiozungukwa na hatari kila upande.

Kwa hiyo roboti hufaa uvimbe mdogo wa ubongo ambao haukatiki kwa urahisi, uvimbe wa mshipa wa neva ya sikio, vidonda vichache vya saratani vilivyosafiri hadi kwenye ubongo, uvimbe wa uti wa mgongo, saratani changa ya pafu kwa mtu asiyeweza upasuaji, na baadhi ya saratani za ini na tezi dume. Hata maumivu makali ya neva ya uso, ambayo si saratani kabisa, hutibiwa nayo.

Tazama sasa magonjwa yanayojaza foleni zetu. Saratani ya umio, ambayo ukanda wa Bonde la Ufa na magharibi unaijua vizuri mno. Umio ni bomba, na ukuta wake ndio huo huo uvimbe. Saratani hutambaa ndani ya ukuta juu na chini kuliko picha inavyoonyesha, tena huingia kwenye tezi za jirani. Inataka eneo pana, dozi ndogo ndogo za wiki tano hivi, mara nyingi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ikiwa imeshaziba, huwekwa kijibomba maalumu cha kuipanua njia ili mtu ale. Saratani ya mlango wa kizazi huhitaji mionzi ya nje kisha chanzo cha mionzi kiingizwe ndani kabisa kwa muda, na hakuna mkono wa roboti unaokaribia uvimbe zaidi ya hapo. Uvimbe wa taya wa watoto wa kandokando ya Ziwa, Burkitt, hutibiwa kwa kemo, na hupungua haraka mpaka mama anastaajabu. Saratani ya damu haina mahali pa kulengwa.

Kuhusu mlango wa kizazi niongeze neno, kwa sababu hapa ndipo safari huua. Tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa kukamilika ndani ya wiki 8 hivi. Zikipita, uwezekano wa kupona unapungua. Mama aliyekwisha kuanza mionzi hapa, kisha akasimama ili asubiri pasipoti na viza, anaupa ugonjwa nafasi ya kuota tena. Mama yangu, kama umeanza, malizia pale ulipoanzia.

Na hata kama uvimbe wako ni wa kufaa roboti, ndege si lazima. CyberKnife ipo Kenya, katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa, Nairobi. Kutoka Kisumu ni safari ya siku moja ya basi. Nakuru hapa tuna mashine ya kawaida ya mionzi katika hospitali ya rufaa ya kaunti, na Eldoret pia kuna huduma ya mionzi. Zamani mtu wa magharibi mwenye saratani alikuwa na njia moja tu, hospitali kuu ya Kenyatta National kule Nairobi na foleni yake, na nadhani hofu ya foleni ile ndiyo bado inatupakia watu ndege. Anzia kwa daktari wa saratani aliye karibu, iwe kwetu au ile hospitali ya rufaa ya Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia, aandike rufaa. SHA, bima ya afya ya serikali, nao waulizwe mapema ni kiasi gani kimebaki kwenye kifurushi chako cha mwaka.

Wapo wanaosafiri kwa sababu ya kweli. Labda wanahitaji upasuaji ambao haufanyiki hapa, au wana ndugu huko watakaowatunza. Siwazuii. Nawaambia hivi.

Usimtume wakala picha ya karatasi kwa simu. Picha za MRI na CT zibebwe kwenye CD, si filamu peke yake, kwa maana mpango wa mionzi huchorwa juu ya picha zenyewe. Omba maabara yako vile vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta. Hospitali nyingi za nje hutaka kuvisoma upya, na ukivikosa utatobolewa tena. Wakala akikuambia huduma yake ni bure, muulize nani anamlipa. Kwa kawaida ni hospitali anayokupeleka, kwa hiyo usitarajie akuambie kwamba Kahawa ingetosha.

India hutoa viza ya matibabu kwa njia ya mtandao, pamoja na viza za wasindikizaji wasiozidi 2. Halafu kuna kadi ya manjano. Anayetoka Kenya lazima aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochanjwa angalau siku 10 kabla, la sivyo anaweza kuwekwa karantini. Wengi hukimbilia sindano hiyo wiki ya mwisho bila kujua kwamba chanjo yenyewe ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu aliye kwenye kemo, ambaye kinga yake imeshuka, hafai kuchanjwa. Huyo huandikiwa barua ya kusamehewa chanjo, na ubalozi uulizwe mapema, kwa sababu barua hiyo peke yake haimhakikishii kupita uwanja wa ndege.

Dawa za degedege na za maumivu zikae kwenye mkoba wa mkononi, na morfini iwe na barua ya daktari. Aliyepasuliwa kichwa karibuni asipande ndege mpaka daktari wake aridhie, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya fuvu hutanuka angani.

Pangeni pia bajeti ya kurudi. Uvimbe uliopigwa mionzi hauyeyuki siku hiyo. Picha ya kwanza ya kupima matokeo huwa baada ya miezi 3 hivi, na nyingine hufuata. Wakati mwingine uvimbe huonekana mkubwa zaidi kabla ya kunywea, na familia hulia bure. Ubongo unaweza kuvimba wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akaanza kuumwa kichwa au kutapika, akiwa tayari yuko nyumbani Butere. Lazima awepo daktari wa hapa anayejua kilichofanyika.

Mzee wa Muhoroni alisikiliza yote hayo kimya. Kisha akawageukia wanawe: "Kwa hivyo hii roboti hainijui mimi?" Tulicheka sote. Alianza mionzi na kemo hapa hapa, na mchango ukageuzwa nauli, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na uji wenye nguvu.

Mwanamke mwingine alikuja kwetu mwaka mmoja baada ya kutibiwa ng'ambo. Saratani ilikuwa imerudi kwenye pingili ya mgongo, jirani na ile iliyotibiwa. Uti wa mgongo huvumilia dozi yenye kikomo, kwa hiyo swali letu lilikuwa moja: ulipokea grei ngapi, na zilipita wapi? Alitoa alichokuwa nacho, stakabadhi ya malipo yenye muhuri na tarehe. Tuliandika barua pepe, tukapiga simu, tukamtafuta wakala ambaye namba yake haikupatikana tena. Ripoti ya dozi na ramani ya miali vilifika baada ya wiki mbili na nusu. Siku zote hizo alikuwa wodini, miguu ikizidi kufa ganzi, nasi hatukuthubutu kuwasha mashine.